Mishale Ndani ya Flashi

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa ugomvi wa pasi. Pasi ilikuwa moja, na walioitaka walikuwa wawili. Karani wa shule alitaka kunyoosha blauzi yake ya kazini. Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alisimama nyuma yake na gauni mkononi.

"Wifi, utaichoma hiyo blauzi kwa kuipenda mno," alisema msichana. "Nipe zamu yangu."

"Zamu ya kwenda wapi? Shule umemaliza. Kazi yako siku hizi ni kulala na kunenepa."

"Ninenepe kwa chakula gani? Anayepika ni wewe, na mkono wako wa chumvi tunaujua."

Mume wa karani alikuwa seremala. Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, na mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alijua kwamba anayeingilia utani wa mawifi hutoka na jeraha.

Msichana huyo aliletwa katika nyumba ile akiwa mdogo, baada ya mama yao kufariki. Karani ndiye aliyemsuka nywele, akamwuguza, akamsomesha katika shule ileile aliyofanyia kazi. Walitaniana kama mawifi, lakini malezi yalikuwa ya mama na mwana. Sasa msichana alikuwa amemaliza darasa la mwisho. Tangu utotoni alikuwa na haja moja tu: kuwa muuguzi.

Simu yake ikalia. Akausoma ujumbe, kisha akausoma tena kwa sauti.

"Umekubaliwa kujiunga na chuo cha uuguzi, kwa sharti kwamba shule yako italeta alama zako za mihula yote ya mwaka wa mwisho, zenye saini na muhuri, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo jioni. Asiyetimiza sharti hili, nafasi yake itapewa mwingine."

Karani alipiga kigelegele hadi blauzi ikaanza kutoa moshi kweli.

"Alama tu?" alisema. "Hilo nalo ni jambo? Alama zako ninazo mimi. Leo jioni nakuletea, zimepigwa muhuri. Ni kama kunywa maji."

Ofisi ya karani ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja lililotazama uwanja. Juu ya meza ilikaa kompyuta, imefunikwa kitambaa alichokitarizi kwa mikono yake. Kabla ya kompyuta hiyo, alama za wanafunzi ziliandikwa katika majalada. Kompyuta ilipoletwa, Mwalimu Mkuu aliamuru majalada yapelekwe stoo. Paa la stoo lilivuja. Kilichoachwa na mvua kilimalizwa na mchwa, na hakuna aliyesikitika. Walimu wengi waliacha kutunza madaftari ya alama. Walikuja ofisini, wakaziandika moja kwa moja katika kompyuta. Hata wazazi walipata taarifa za watoto wao kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo shule nzima ikawa inaning'inia kwenye msumari mmoja.

Karani alijua kwamba msumari mmoja hautoshi. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, alitengeneza nakala. Kwenye uso wa kompyuta palikuwa na picha ndogo ndogo zenye majina ya madarasa. Alizinakili zote, akazibandika katika flashi. Kazi hiyo ilikwisha kabla hajamaliza kufunga kilemba chake. Kisha aliviringisha flashi katika leso, akaenda nayo nyumbani. Kwa ajili ya uangalifu huo walimu walimpa jina. Walimwita Mama Makini, na jina hilo alilivaa kama nishani.

Asubuhi hiyo, siku ya Jumatatu, aliondoa kitambaa, akawasha kompyuta. Ikatoa mlio: kr, kr, kr, kama kisu kinachokwangua bati. Kioo kikabaki cheusi. Akamwita Mwalimu Mkuu.

"Zima, uwashe tena," alisema Mwalimu Mkuu.

Akazima, akawasha. Kr, kr, kr.

"Mwalimu, sauti imezidi."

"Inapata moto hiyo. Washa tena."

Mwalimu wa zamu aliingia, akaipiga kofi ubavuni. "Mashine hizi ni kama punda," alisema. "Bila kofi haziendi."

Waliizima na kuiwasha hadi kengele ya mapumziko ilipolia. Mwishowe mlio ukakoma kabisa. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko mlio.

Fundi wa kompyuta alikuja alasiri. Alifungua sanduku la kompyuta, akatoa diski, akaitikisa karibu na sikio lake.

"Mliposikia mlio, mliendelea kuiwasha?" aliuliza.

Mwalimu Mkuu alitazama dirishani. Mwalimu wa zamu alitazama viatu vyake.

"Tuliiwasha kidogo," alisema karani.

"Hapakuwa na kidogo hapa. Ndani ya diski hii kuna sahani inayozunguka. Juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea, chembamba kama sindano. Kichwa hicho kimeangukia sahani. Kila mlipowasha, mlikuwa mnakwangua maandishi yenu wenyewe. Siku nyingine mkisikia mlio kama huu, zimeni mara moja, msiguse tena, mniite."

"Haisomeki tena?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Baada ya mlio wa kwanza, labda ingesomeka. Sasa haisomeki."

Mwalimu Mkuu aliketi kwa kishindo. Katika chumba kile alikuwapo mtu mmoja tu asiyekuwa na hofu.

"Mwalimu, usijichoshe," alisema karani. "Nakala ninayo nyumbani. Ni ya Ijumaa iliyopita."

"Mama Makini!" walimu wakapaza sauti. Mmoja akampigia makofi.

Shule haikuwa na kompyuta nyingine. Jioni hiyo karani alikwenda kwa jirani yake, mtunza kumbukumbu wa hospitali, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Faili. Wifi yake alimfuata akiimba njiani. Alitaka kuziona alama zake kwa macho yake.

Bwana Faili aliwapa viti, akachomeka flashi katika kompyuta yake. Majina ya madarasa yakatokea, moja chini ya jingine.

"Si hayo hapo!" alisema msichana. "Fungua la mwaka wangu."

Bwana Faili akabofya. Kompyuta ikaandika kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabofya darasa jingine. Hakipo. Akajaribu yote. Kisha akavua miwani, akaifuta polepole kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Dada," alisema, "huu mshale mdogo kwenye pembe ya kila picha, umewahi kuuona?"

"Nimeuona siku zote. Nilidhani ni pambo."

"Si pambo. Picha yenye mshale huu si faili. Ni njia ya mkato. Ni kama kibao kilichosimikwa barabarani, kinachosema nyumba iko kule. Ukibofya kwenye kompyuta ya shule, kinakupeleka kwenye nyumba. Wewe umeking'oa kibao, ukakitia kwenye leso, ukaja nacho. Nyumba umeiacha kulekule."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Lakini majina yapo!"

"Hata kibao kina jina la mwenye nyumba. Niambie, kunakili kulichukua muda gani?"

"Kufumba na kufumbua."

"Hapo ndipo ungeshtuka. Mzigo wa shule nzima hauhami kwa kufumba na kufumbua. Na flashi hii hukupata kuifungua kwenye kompyuta nyingine?"

"Ya nini? Niliona imo." Karani aliikunjua leso yake mezani. "Miaka yote hiyo, jirani. Nimetembea na leso yenye mishale."

"Si wewe peke yako. Sisi hospitalini tulikuwa na nakala halisi, tukaziweka katika kabati lilelile lenye kompyuta. Bomba likapasuka. Vyote vikalowa pamoja. Kuna wagonjwa hadi leo hawawezi kutuambia walipewa dawa gani, na sisi hatuwezi kuwaambia."

Karani aligeuka kumtazama wifi yake. Msichana alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Twende nyumbani." Njia nzima hakuimba.

Kulipokucha, msako ulianza. Karani aliwaendea walimu, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa mazoea, na daftari lake la alama alikuwa nalo. Mwalimu wa lugha alikuwa bado na karatasi za mitihani, zimefungwa kwa kamba juu ya kabati. Jiografia ikapatikana. Historia ikapatikana. Sayansi haikupatikana. Mwalimu wa sayansi alikuwa amehamia nchi nyingine.

Karani akampigia simu.

"Madaftari yangu niliyachoma nilipokuwa nafungasha mizigo," alijibu mwalimu huyo. "Nilijiambia, ya nini kubeba makaratasi? Kwa Mama Makini alama zitakuwa salama kuliko kwangu."

Karani alishukuru, akakata simu.

Nyumbani alimwuliza mumewe, "Ujumbe wa shule ulikuja kwenye simu yako. Hujauhifadhi?"

"Simu ipi?" seremala alijibu kwa unyonge. "Ile iliyotumbukia kwenye gundi? Niliitupa zamani, mke wangu. Ilikuwa imekuwa kipande cha mbao."

Siku nyingine ungecheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Akajaribu chuo. Mwanamke aliyepokea simu alikuwa mpole, lakini hakuyumba. "Bila alama za sayansi hatuwezi, mama. Hiki ni chuo cha uuguzi, si chuo cha kwaya. Tunaona huruma, lakini sharti ni sharti."

Siku ya mwisho ilifika. Mchana seremala alikwenda ofisini kwa mkewe, vumbi la mbao likiwa bado kichwani, akafunga mlango.

"Muhuri si uko hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uko hapa."

"Mtoto alikuwa anaongoza darasa. Wewe unajua, mimi najua, walimu wanajua. Andika themanini, gonga muhuri, tumalize. Nani atauliza?"

Karani alifungua droo. Muhuri ulikuwa hapo, wino ukiwa mbichi. Aliushika. Kwa kweli aliushika.

"Mume wangu," alisema, "yule anakwenda kujifunza kupima dawa. Tumwingize kwa kipimo cha kubuni? Na nikimwandikia yeye kwa sababu ni wetu, watoto wa wenzetu ambao alama zao nimezipoteza niwaandikie ngapi?"

"Mimi sisemi ya wenzetu. Nasema ya dada yangu."

"Siwezi."

"Basi umempoteza mara mbili," alisema seremala. Akafungua mlango, akaondoka.

Jioni ikaingia. Nafasi ikapewa mwingine.

Tangu siku hiyo utani ulihama katika nyumba ile. Msichana hakutukana wala hakununa. Aliosha vyombo, akafagia, akaamkia kwa adabu zote. Lakini hakusema tena "wifi". Alisema, "Shikamoo, Karani." Neno hilo moja lilimchoma karani kuliko matusi.

Na msiba haukuwa wa nyumba moja. Kijana mmoja alikosa kazi kwa sababu shule haikuweza kuthibitisha kwamba alisoma pale. Baba mmoja aliyetaka kumhamisha mwanawe aliambiwa mtoto aanze upya darasa. Wazazi walikuja na hasira zao hadi dirishani. Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano.

"Ni hitilafu ya mitambo," alianza. "Hakuna mwenye lawama."

Karani akasimama.

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Mashine ilikufa, na kila mashine itakufa. Hilo si kosa la mtu. Lakini nakala zilikuwa kazi yangu, na sikuwahi kuzifungua nione kama ni nakala. Mliniita Makini, nikaridhika na jina."

Kisha Mwalimu Mkuu, ambaye hakuzoea kukiri jambo, akajikohoza. "Na mimi nilisema washa tena," alisema. "Na majalada niliyatia stoo mimi."

Kwa idhini ya mkutano, Bwana Faili aliitwa shuleni kuwafundisha. Hakuleta maneno makubwa. Kati ya kompyuta mbili mpya zilizonunuliwa, moja ikiwa ya maktaba, aliweka nyingine mezani, akamwita karani akae yeye mwenyewe kwenye kiti.

"Usiniangalie mimi, angalia kioo," alisema. "Liko wapi faili lenyewe? Si picha ya nje. Ingia ndani."

Karani akaingia, akalifikia.

"Lina mshale?"

"Halina."

"Uzito wake ukoje? Linganisha na ule wa njia ya mkato."

"Ni kama gunia na punje."

"Umeona? Sasa nakili gunia. Ukimaliza, chomoa flashi. Usiiache imechomekwa, maana radi au virusi vikija, vitachukua mama na mtoto. Nenda nayo kwenye kompyuta ya maktaba, ulifungue pale."

Walihamia maktaba wote, walimu wakiwafuata kama wasindikiza maharusi. Karani akachomeka, akalinakili faili katika kompyuta ya maktaba, akalifungua.

"Chagua mwanafunzi yeyote," alisema Bwana Faili. "Soma alama zake kwa sauti."

Karani akasoma.

"Sasa una nakala. Kabla ya kuifungua mahali pengine, ulikuwa na matumaini tu. Lakini bado. Jengo hili likiungua, kompyuta zote mbili zimo humu. Nakala nyingine ikae nje ya shule."

"Kwangu nyumbani?" aliuliza karani.

"Hapana. Hizi ni siri za watoto, hazikai kwenye leso. Itiwe neno la siri, ifungiwe katika kasha la ofisi ya elimu, na mtu mwingine mbali na wewe ajue kuifungua. Siku ukiugua, shule isiugue nawe. Na alama za mwisho wa mwaka zichapishwe, zitiwe saini, ziwekwe mahali pakavu. Karatasi nayo si adui."

"Na mzazi?" aliuliza mwalimu wa hesabu.

"Mzazi apewe karatasi yake mkononi. Simu zina ajali nyingi."

"Hasa zile zinazopenda gundi," alisema karani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi walimu wakamwona akitabasamu, ingawa macho yake hayakushiriki.

Shule iliwaruhusu waliopoteza alama kurudia mwaka bila ada. Wengine walikataa, wakaenda zao, na hatujui wako wapi. Msichana alirudia. Alivaa tena sare iliyokwisha kumbana mabegani, akaketi dawati la nyuma pamoja na waliokuwa wadogo wake. Walimwita Bibi. "Bibi, zamani zenu hesabu hii ilikuwapo?" walimwuliza. Alicheka nao mchana. Jioni alisoma mambo aliyokuwa akiyajua tayari, na hakuna kazi inayochosha kama hiyo.

Siku moja katikati ya muhula alimkuta karani jikoni, akamwomba chumvi. "Wifi," alisema, kisha akasita, kana kwamba neno lilimponyoka. Karani akampa chumvi. Hawakulizungumza.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mitihani ikiwa imesahihishwa tayari, wezi walivunja ofisi ya shule. Walichukua kompyuta, flashi iliyokuwa mezani, hata kitambaa kilichotariziwa. Asubuhi walimu walikusanyika mlangoni wakiwa wameshika vichwa.

"Tumekwisha tena," alisema mwalimu wa zamu.

"Hatujaisha," alijibu karani. Lakini aliwahi kusema maneno kama hayo. Alikwenda maktaba, akafungua. Alama zilikuwapo. Hakuridhika. Akaenda na Mwalimu Mkuu hadi ofisi ya elimu, wakafungua kasha, wakalinganisha nakala kwa nakala. Zilikuwapo, zote, na za wifi yake zikiwamo. Kabla ya kengele ya kutoka, karatasi zenye muhuri zilikuwa njiani kwenda chuoni, alikokuwa ameomba nafasi upya. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepoteza chochote. Mtu aliyepita barabarani siku hiyo asingejua kwamba shule imeibiwa.

Chuo kilimpokea msichana. Siku ya kuripoti, seremala alibeba sanduku alilolitengeneza mwenyewe, na karani alibeba ndoo na godoro dogo. Langoni walikutana na wasichana waliovaa sare nyeupe. Mmoja wao alimkimbilia mgeni, akamkumbatia. Walikuwa wamekaa dawati moja, zamani, kabla huyo mwenzake hajahamia shule nyingine.

"Kumbe ndiyo unakuja?" alisema yule mwenye sare. "Mimi niko mwaka wa pili. Usijali, nitakuonyesha kila kitu."

"Asante," alisema msichana, na akainamisha macho.

Mwenzake alipoondoka, karani aliweka ndoo chini. Maneno aliyoyabeba mwaka mzima yakatoka.

"Wifi, nisamehe."

"Nilishakusamehe. Zamani."

"Basi mbona umeinama?"

Msichana alichukua ndoo na godoro, akavipanga juu ya sanduku ili apate kubeba peke yake.

"Kila kitu siku hizi mnakiwekea nakala, na mnafanya vizuri," alisema. "Ila mwaka wangu ule, wifi, ulikuwa mmoja tu."

Akajitwisha mzigo wake, akaingia langoni, akajipanga nyuma ya foleni ya wageni.